Miti Mitatu ya Shangazi

Jumatatu, 6 Oktoba

Mke wangu kasema nikizidi kuongea na cherehani, wateja watakimbia. Kaniletea daftari. Ongea na hili, kasema. Basi, daftari, karibu. Tutafahamiana.

Kwanza shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Nina nyumba. Shangazi yetu, Mungu amrehemu, hakujaaliwa mtoto, akatuachia mimi na dada yangu nyumba yake, banda la kuku lisilo na kuku, na bustani. Bustanini mna miti mitatu. Hakuna anayejua ni miti gani. Mmoja umenyooka kama askari wa gwaride, nauita Mnyoofu. Wa pili umegawanyika mara mbili kutoka chini, nauita Pacha. Wa tatu umeegemea ukuta wa jirani kama mtu anayesubiri kuazimwa kitu. Huyo ni Mlegevu.

Cherehani nimeiweka chumba cha nyuma, dirisha linatazama bustani. Alasiri jua likipita katika yale majani, meza yangu ya kukatia inageuka kijani yote. Kitambaa cheupe nakiona kama kimelala chini ya maji. Saa hiyo nashona polepole na moyo wangu umetulia tuli. Sijamwambia mtu. Fundi mwenye mvi hawezi kutangaza mtaani kwamba anapenda kivuli.

Leo dada kapiga simu. Dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni, aliyenifuta makamasi, ambaye mpaka leo akikohoa mimi nasimama. Amechoka kukaa kwa mwanawe. Mkwe anapanga upya vyombo kila anapoviosha yeye. Anataka kuhamia huku. Nimefurahi kweli. Kisha akaongeza kwamba atajenga chumba chake bustanini, kwa hiyo Jumamosi anakuja na mtu wa msumeno.

Nikasema, lakini Dada, miti.

Akauliza, miti gani?

Nikaitazama dirishani, kana kwamba itajitaja. Akasema, umeona? Ingekuwa ya matunda ningeiacha. Ingekuwa ya dawa ningeiacha. Lakini mti ambao hata mwenyewe hujui ni nini, unakunywa maji ya bure tu. Nionyeshe faida yake, mdogo wangu, nitajenga kwingine.

Hapo ndipo ningemweleza habari ya mwanga wa alasiri. Mdomo ukasema, sawa Dada.

Nina mpaka Jumamosi.

Jumanne, 7 Oktoba

Jirani wa upande wa ukuta ni bwana afya mstaafu. Alistaafu kazi, hakustaafu ukaguzi. Kila asubuhi anasimama ukutani na kikombe cha chai, kaptura na miwani, anakagua bustani yangu. Ugomvi wetu ni majani. Mlegevu anayadondosha kwenye mfereji wake wa maji ya mvua. Bwana Afya anayakusanya, ananirudishia juu ya ukuta. Mimi namsalimia vizuri, namwulizia hali ya nyumbani, akiingia ndani namrudishia. Tumeishi hivyo kwa amani.

Leo nimejishusha. Nimemwomba, kwa kuwa yeye ni mtu aliyesoma, anitajie miti hii.

Kapandisha miwani. Mnyoofu, kasema, ni mkungu. Nikamwambia mkungu naujua, upo nje ya msikiti, majani yake kama sahani. Akasema huo wa msikitini ndio wenye kasoro. Pacha kasema ni msufi. Nikauliza, sufi yake iko wapi? Akasema imeshapeperuka. Mlegevu hakumpa jina. Huyo anamjua kwa tabia, kasema, anafuga mbu, akatwe.

Nikachukua tawi nikaenda kwa muuza miche kwenye njia panda. Akaligeuza, akalinusa, akakiri kwamba halijui. Nikamshukuru kwa ukweli wake. Hapo hapo akataka kuniuzia mti anaoujua.

Nimemwuliza mke wangu, akiosha mchele. Bila kugeuka kasema ni mti.

Jumatano, 8 Oktoba

Wazo limenijia nikiwa bado juu ya mswala baada ya alfajiri, kwa hiyo nimeliamini. Kama miti haina jina, iwe na kazi. Iwe ya dawa.

Lakini mimi si mtu wa uongo. Siwezi kusema ni dawa bila kujaribu. Nikachuma jani la Pacha, nikasema bismillahi, nikatafuna. Ladha ya sabuni ya kufulia. Baada ya muda mfupi ulimi ukafa ganzi. Nikaushika kwa vidole, nikahisi nimeshika ulimi wa mtu mwingine.

Na mteja ndio akaingia. Yule mama wa gauni la harusi ya mdogo wake, anayetaka libanwe kiuno, na mimi kila siku namsihi tuache nafasi ya kupumua. Leo kaniuliza, fundi, tubane? Nikasema, mmm. Akauliza, tubane zaidi? Nikasema, mmm. Akasema hatimaye umenielewa, akaondoka anaimba. Mungu amsaidie siku ya karamu.

Hata hivyo, jino langu moja bovu halijauma mchana kutwa. Jioni ulimi uliporudi nikamweleza Bwana Afya pale ukutani kwamba Pacha ni dawa ya jino. Ukweli mtupu. Kisha sijui ilikuwaje, nikaongeza na magoti. Astaghfirullah. Alinitazama kama alivyokuwa akitazama mabucha, akaingia ndani bila kuaga.

Kabla ya magharibi nimeona mkono unapita juu ya ukuta, unachuma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Bwana Afya leo kavaa suruali ndefu. Tangu nihamie sijawahi kumwona bila kaptura. Nikamwuliza, jirani, magoti vipi? Akasema, magoti gani? Baadaye mkewe kamsimulia mke wangu, na mke wangu kanisimulia mimi huku akijishika mbavu: mzee alijisugua yale majani usiku, ameamka na magoti ya kijani, na kijani hakitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kulalamika hawezi, maana itabidi aseme majani aliyatoa wapi.

Nimecheka. Kisha nimeona aibu. Kisha nimecheka tena.

Lakini habari ya dawa imekwisha. Dada akisikia magoti ya kijani, ataleta misumeno miwili. Limebaki neno moja katika maneno yake. Matunda.

Nimefikiri sana juu ya hili kwa upande wa dini. Mtu akining'iniza saa kwenye msumari, amedanganya kwamba msumari umezaa saa? Hajadanganya. Mimi nikining'iniza malimau kwenye mti wangu mwenyewe, bila kutamka lolote, nimekosa nini? Limau ni la kweli. Mti ni wa kweli. Dada akifikiri vingine, hayo ni mawazo yake.

Nimemweleza mke wangu. Kaacha kukunja nguo. Baba watoto, kasema, unataka nini hasa? Nikasema nataka miti ibaki. Akasema basi mwambie dada yako kwamba unaipenda. Nikasema dada si mtu wa kuambiwa mambo hivi hivi. Akasema, bali ni mtu wa kushonewa malimau.

Hajui taratibu za ukoo wetu.

Nimekwenda sokoni. Malimau ya Mnyoofu. Mapera ya Pacha. Kwa Mlegevu nilitaka machenza, hayakuwepo, nimechukua pasheni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala ya Ijumaa nimefunga duka mapema. Mke wangu kaenda kwa mama yake, kwa makusudi nadhani, asije akaitwa shahidi. Nikatoa kigoda, sindano ya kushonea magodoro, uzi wa jeans, nikaanza.

Daftari, nikwambie ukweli, ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Unapitisha uzi kwenye kikonyo, unazungusha kitawi, unafunga. Fundo nimetumia lile la shangazi, la kuzungusha mara mbili na kuumeza mkia ndani. Yeye ndiye aliyetufundisha kushona, mimi na dada, kwa rula ya mbao juu ya vidole kila mkia ulipochungulia. Dada aliacha alipoolewa. Vidole vyangu mimi havijui fundo lingine, vinalifunga vyenyewe huku kichwa kiko mbali.

Mapera yalikubali kirahisi. Pasheni zilitaka kuteleza, nikazivika vikapu vidogo vya uzi. Kufika alasiri bustani ilikuwa imezaa.

Na Bwana Afya akatokea ukutani.

Alikagua tunda moja moja. Chai ikapoa. Mimi niko juu ya kigoda, sindano nimeificha mdomoni, siwezi hata kumsalimia. Akasema polepole kwamba hakuwahi kuiona miti hii ikizaa. Nikasema, mmm. Akasema lakini alijua. Tangu siku ya kwanza alijua ni miti ya matunda, ila hakutaka kunitia tamaa. Akanyoosha mkono kwenye tawi la Mlegevu lililoingia kwake, akachuma pasheni. Ikatoka na kikapu chake. Akakitazama kile kikapu, akasema hata nyuzi zake ni nzuri, akala.

Akasema ladha hii sokoni huipati.

Akaongeza kwamba kwa kuwa tawi liko upande wake, matunda ya tawi ni yake. Nikatikisa kichwa kukubali. Nimempata shahidi, na bado ana hamu ya kula.

Nalala nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza gauni kabla ya siku ya harusi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika kila kitu, na wewe, daftari, usicheke.

Dada kafika asubuhi na mtu wa msumeno, kijana mpole aliyebeba mashine mgongoni kama mtoto. Kanikumbatia, kaniambia nimekonda, kamsalimia mke wangu, kisha moja kwa moja bustanini. Mimi nyuma yake, moyo unanipiga kama cherehani isiyo na mafuta.

Kasimama. Kaangalia malimau. Kaangalia mapera. Kaangalia pasheni.

Kabla sijafungua mdomo, Bwana Afya kapaza sauti juu ya ukuta. Mama, miti hii isikatwe, anaijua miaka yote, jana tu amekula matunda yake na alilala kama mtoto. Alisema kwa uchungu kiasi kwamba mimi mwenyewe nilianza kumwamini. Dada akamshukuru. Akamwuliza, pasheni zinazaa kwenye mti? Bwana Afya akasema, kwenye mti mzuri, ndiyo.

Mtu wa msumeno akakohoa. Akasema kwao pasheni hutambaa kwenye seng'enge, lakini yeye ni mkataji, si mpandaji.

Dada akazunguka tena. Akauliza, kwa nini malimau yote yako usawa mmoja? Juu hakuna hata moja, chini hakuna hata moja. Nikasema labda ni mwaka wa kwanza. Akavuta kigoda kilichokuwa pale pale chini ya Mnyoofu, nilichokisahau mimi mwerevu, akapanda. Kichwa chake kikafika sawasawa kwenye malimau.

Akashika limau moja. Akaligeuza. Akatafuta mkia wa uzi kwa ukucha, asiupate.

Nilingoja sauti yake kubwa. Haikuja. Nikaona mabega yanatikisika, nikajua analia, nikaanza kumwomba radhi. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka mtu wa msumeno akaja kushika kigoda. Kisha kweli akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema, hili ni fundo la shangazi. Umeumeza mkia. Angekuona leo, rula isingekugusa.

Akashuka, akakaa juu ya kile kigoda, akanivuta mkono kama zamani. Sasa niambie, kasema. Bila limau.

Nikasema, Dada, alasiri meza yangu inakuwa ya kijani.

Nilidhani hatanielewa. Akasema pale ilipo meza yangu ndipo shangazi alipokuwa akimfundisha kupiga pindo, na yeye akiinua macho kuitazama miti, anapigwa kwa kutotazama pindo. Siku moja, akiwa msichana, alimwuliza ni miti gani. Shangazi akasema hata yeye hajui. Alikuta mbegu kwenye mfuko wa koti la mteja, mteja hakurudi kulichukua, akazipanda ili aone kitakachoota. Basi anasubiri, alisema, ikue aione.

Dada akasema, kwa hiyo hata mwenyewe aliondoka bado anasubiri.

Tukakaa. Nadhani hata mashine ya yule kijana iliona haya.

Mwishowe dada akaamua, na dada akiamua imeamuliwa. Chumba chake kitajengwa lilipo banda la kuku, dirisha litazame miti, na atahamia baada ya wiki mbili. Miti inabaki. Ila, akasema, kwa sababu kijana amekuja na mashine yake, akate angalau lile tawi linalomsumbua jirani.

Bwana Afya akapanda juu ya ndoo. Akasema tawi lile haliguswi, ni tawi lake, lina matunda yake. Kwa kuinua mguu juu ya ukuta ile suruali ikapanda, na sote tukaliona goti. Dada akaniuliza kwa sauti ya chini, yule mzee ana nini? Nikasema, ni habari ndefu. Akasema, uliishona wewe?

Kijana wa msumeno kaondoka na mapera kwenye kofia, amefurahi.

Alipokuwa akiaga, dada kanishika sikio. Kasema, mdogo wangu, ungeniambia ile Jumatatu tu, kwenye simu, ningekubali. Kwa nini hukuniambia? Jibu alikuwa nalo mke wangu, lakini kwa heshima alikwenda kuchemsha chai.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku njema sana. Nimevuna. Malimau tumeyatia kwenye chupa na chumvi, mapera tumekula. Pasheni za upande wa ukuta zimebaki, Bwana Afya anazilinda. Leo kaniambia zimeacha kukua, nizimwagilie.

Nimekaa chini ya Pacha na tasbihi yangu. Nimetubu lile la magoti. Nimemwahidi Mungu, na hapa nakuahidi na wewe: kuanzia leo, jambo likinikaa moyoni nitalisema kwa mdomo, kwa mtu anayehusika, siku ile ile. Kumbe ni rahisi hivi. Nimeishi miaka yote hii nikizunguka nyumba kutafuta mlango, na mlango uko mbele.

Nimemsomea mke wangu maneno hayo. Kasema, inshallah, kwa namna asemavyo kwa mafundi bomba.

Alasiri meza imekuwa ya kijani. Nimeshona kola nzima bila kuinua macho zaidi ya mara chache.

Alhamisi, 23 Oktoba

Chumba cha dada kimekamilika, bado harufu ya rangi. Dirisha lake limetazama miti kama alivyotaka. Anahamia Jumamosi. Kwenye simu kasema kitu anachokisubiri kuliko vyote ni kuamka asubuhi, kufungua dirisha na kuona kijani.

Juzi Mnyoofu umeanza kupukutisha majani. Nilidhani ni upepo. Jana umepukutisha zaidi. Leo asubuhi umebaki mtupu kama mwiko. Pacha na Mlegevu ni wazima kabisa, ila unaotazamana na dirisha la dada ni Mnyoofu.

Bwana Afya kasema ndivyo mkungu unavyofanya. Muuza miche kasema huenda ni msimu wake, huenda umekufa, anao mwingine. Mke wangu kasema miti hupukutisha, itachipua, mpigie dada yako umwambie, ataelewa, si ulisema utakuwa unasema?

Ni kweli nilisema, na nitamwambia. Lakini si kwa simu, na si wiki ya kuhama, mtu ana mizigo na mawazo yake. Nitamwambia akishatulia. Mwezi ujao, Mungu akipenda. Kwa sasa ninachotaka ni afungue lile dirisha mara moja tu na moyo wake ufurahi. Kumfurahisha dada ni ibada.

Pacha una majani mengi kuliko unavyohitaji. Nimechuma kapu zima, yako kwenye maji yasinyauke. Kigoda nimekiazima kirefu zaidi, kwa Bwana Afya, hakuuliza. Nimenunua uzi wa kijani, kijani cha namna tatu, maana Mungu hakuumba majani ya rangi moja.

Na lile kosa la mara iliyopita nimelijua. Safari hii nitafunga fundo jingine.